Fimbo Iliyonifuata Stesheni

Nimepanda treni mara saba maishani mwangu, na safari sita kati ya hizo sina la kusimulia zaidi ya maumivu ya mgongo na chai iliyopoa. Iliyobaki ndiyo ile ya kwanza. Sijawahi kuisimulia yote, hata kwa mume wangu, kwa sababu kuna mtu aliniomba ninyamaze. Mtu huyo amekwishafariki, na mume wangu naye ametangulia. Nadhani sasa ninaruhusiwa kufungua mdomo, na wanaonifahamu watashangaa niliwezaje kuufunga miaka yote hiyo.

Kwetu Rungwe hakuna reli. Tuna mvua, migomba, chai na ukungu, lakini treni tunaifuata Mbeya. Nilipokuwa mtoto Kinyala niliijua kwa kusimuliwa tu. Mjomba wangu mmoja alidai kwamba ikipita karibu na nyumba, maziwa yanaganda ndani ya kibuyu kabla ya siku yake. Nilimwamini kabisa. Nilipokuja kuipanda mwenyewe nilikuwa mke wa mtu, nina mimba ya miezi mitano, na nimekabidhiwa mzee mgonjwa nimfikishe Dar es Salaam. Mzee huyo alikuwa baba mkwe wangu, na sikuruhusiwa kumwangalia.

Kwa asiyetoka kwetu lazima nieleze. Mwanamke aliyeolewa katika familia ya Kinyakyusa inayoshika mila hakutani na baba mkwe wake. Sisemi kwamba anamheshimu tu, maana kila mtu anamheshimu mkwewe. Nasema hamwoni. Hamtazami usoni, haongei naye, hapokei kitu mkononi mwake. Akimsikia anakuja njiani anaingia migombani na kuchuchumaa, kanga kichwani, uso chini, mpaka apite. Na jina lake halitaji. Hata jirani akiwa na jina hilohilo, utamtafutia jirani jina jingine. Wapo walokole walioiacha mila hiyo, na siku hizi mabinti wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao. Mimi nikionyeshwa picha hizo nageuza uso hadi leo. Familia niliyoolewa, pale Kyimo, ilikuwa ya kanisani tangu babu, lakini kwa jambo hili haikuwa na mchezo.

Kwa hiyo baada ya miaka sita ya ndoa nilimjua baba mkwe wangu kwa vitu vitatu. Nilijua kikohozi chake, kimoja kirefu na viwili vifupi, alichokitoa kila alipokaribia nyumba ili nipate kujificha. Nilijua mlio wa fimbo yake. Na nilijua viatu vyake vya mpira, kwa sababu mtu aliyechuchumaa migombani, hata akijitahidi vipi, ataona miguu. Kutoka hapo kwenda juu alikuwa giza tupu. Kama angekuwa na pua moja au mbili, nisingejua.

Na nilikuwa na sababu ya kuogopa zaidi ya wenzangu. Mwaka wa pili wa ndoa mimba yangu ilitoka, na mwaka wa nne ikatoka nyingine. Shangazi wa mume wangu aliniuliza mbele ya wanawake kama siku ile ya msiba wa jirani nilifunga macho au la. Siku hiyo nilikutana na mzee kwenye kona ya njia, ndoo kichwani, nikashindwa kuwahi migombani. Nikamjibu shangazi kwamba niliona kifungo cha koti tu.

“Kifungo kiko kwenye mtu,” akasema.

Tangu siku hiyo kikohozi kile kiliposikika nilikimbia hata kama nilikuwa jikoni na mlango umefungwa. Mtu anaweza kucheka. Lakini aliyezika mara mbili kitu kisicho na jina, akaambiwa kwamba kifungo ndicho kilichokiua, hachagui tena cha kuamini.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali iliporuhusu kila mtu kufanya biashara. Ofisi aliyokuwa akifanyia kazi mume wangu ilikuwa imebaki jengo na mlinzi, na yeye, kama wengine, alikwenda Dar kujaribu biashara. Alipata meza sokoni akauza viazi vya Isongole na ndizi zetu. Mitumba ilikuwa imefika hadi Tukuyu, na wazee ambao zamani ungewatambua kwa blanketi walilojifunga sasa wote walivaa makoti mazito ya Ulaya yanayofanana. Mume wangu alipopata habari kwamba baba yake anaanguka ovyo shambani, alituma ujumbe aletwe hospitali kubwa ya huko. Kila mtu alidhani ni presha.

Aliyepangwa kumsindikiza ni wifi yangu. Siku mbili kabla ya safari malaria ikamlaza, na tiketi zilikwishakatwa. Shemeji zangu wote wawili walikuwa na wake waliokaribia kujifungua. Nikasikia wanajadiliana uani mpaka jua likazama, halafu mama mkwe akaja jikoni kwangu.

“Amesema atakwenda na wewe,” akaniambia. “Wewe utatangulia, yeye atafuata nyuma. Usigeuke, mwanangu. Ila usimpoteze.”

“Nisigeuke, na nisimpoteze?”

“Ndivyo hivyo,” akajibu, akachukua kijiti cha moto akaenda zake.

Mbeya tulikwenda kwa basi, yeye mbele na mimi kiti cha nyuma kabisa, nimejitanda kanga mpaka konda akaniuliza kama ninaumwa meno. Stesheni ilinitisha kabla hata sijaiona treni. Jengo lilikuwa kubwa kuliko kanisa lolote nililowahi kuingia, sakafu inateleza, dari iko juu huko, na watu waliokaa kwenye mabenchi walinong'ona wakati hakuna aliyewakataza. Nikaweka ndoo yangu chini. Ilikuwa ndoo ya chakula, nimepanga humo bakuli za bati zenye mifuniko, na kila nilipopiga hatua ziligongana. Ndani ya jengo lile zililia kwa nguvu mara tatu ya kawaida.

Shemeji aliyetusindikiza akaja kuniaga, akaninong'oneza kwamba baba ameshakaa behewa hilohilo langu, vyumba vitatu mbele, na kwamba wamemnunulia viatu vyeusi vya mtumba. “Amependeza,” akasema. Miguu niliyoijua ilikuwa imefichwa ndani ya viatu nisivyovijua.

Daraja la pili wanawake walilala chumba chao na wanaume chao. Mimi nilikuwa na wanawake watano, mmoja wao muuguzi aliyekuwa akirudi kwao Morogoro baada ya miaka mitatu ya kazi Tukuyu. Chakula cha mzee nilikitenga kwenye bakuli, nikakiweka sakafuni mbele ya mlango wao, nikagonga mara mbili na kurudi mbio. Mhudumu wa behewa, kijana wa Tanga mwenye maneno mengi, alinikamata nikikimbia kwenye korido.

“Dada, huyo mzee kakukosea nini?”

Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika ukuta, lakini alikuwa mtu mwema. Baada ya hapo kila nilipogonga yeye alichungulia na kusema, “Mzee, chakula mlangoni,” na bakuli likarudi tupu. Aliniuliza jina la mzee ili amwite vizuri. Nikamwambia hilo pia siwezi. Akanitazama kwa huruma.

Baada ya Makambako treni huingia kwenye milima, na huko kuna mapango yaliyochimbwa ili reli ipite. Hayo sikuwa nimeambiwa. Mchana uligeuka giza ghafla, kelele za magurudumu zikajaa chumbani, na taa ya darini ikabaki nyekundu nyekundu kama kaa linalozimika. Katika kelele hizo nikaisikia fimbo. Ilikuwa inakuja kwenye korido, polepole, ikigusa ukuta, ikigusa mlango, ukuta tena, mlango. Ikafika kwetu ikasimama. Mtu alikuwa anapapasa ubao wa mlango wetu kwa kiganja, kutoka juu hadi chini, bila kugonga. Hakukohoa.

“Nani huyo?” muuguzi akauliza.

Nilikuwa nimejifunika kanga yote, magoti kifuani, mikono juu ya tumbo. Mkono ule uliendelea kupapasa kwa muda, halafu fimbo ikaondoka. Tulipotokea kwenye mwanga muuguzi alifungua mlango na hapakuwa na mtu. Nikajiambia kwamba baba mkwe asingethubutu kuja mlangoni kwangu, na kama siye, basi ni nani? Hakuna jibu kati ya hayo mawili lililonituliza.

Kwenye stesheni ya Mlimba wafanyakazi wa treni walibadilishana. Kijana wa Tanga akateremka, akaja mwingine ambaye hakuzungumza na mtu. Asubuhi niliweka bakuli la mwisho la ndizi na nyama mlangoni pa mzee, nikagonga mara mbili, nikarudi. Sikusikia mlango ukifunguka. Nikajipa moyo kwamba amelala.

Tulitakiwa kufika asubuhi hiyo. Tulifika saa kumi jioni, na wingu zito la mvua limefunika mji. Kabla ya kuteremka nilifanya jambo dogo ambalo sitajisamehe. Nilivua kanga yangu moja nikaipachika katikati ya zile bakuli za bati ndani ya ndoo, nikazibana zisilie. Wenzangu chumbani walikuwa wanapaka mafuta na kuvaa viatu vya kisigino, na mimi niliona aibu kuingia Dar es Salaam nikiwa nalia kengele kama ng'ombe wa Kyimo. Ushamba wangu ndio uliotaka kuficha ushamba wangu.

Nikateremka. Nikasimama mbele ya behewa, mgongo kwa mlango, nikasikiliza. Watu walikuwa wengi, wanasukumana, wanaitana, magunia ya viazi yanarushwa chini. Kisha nikasikia kikohozi na fimbo ikigusa saruji nyuma yangu. Nikaanza kutembea.

Umeme ulikuwa umekatika. Ndivyo ilivyokuwa miaka hiyo, mgao ulipopita haukubagua stesheni wala kibanda. Ukumbi ule mkubwa wa Dar, ambao watu waliousifu kwetu walisema unawaka taa mchana na usiku, ulikuwa na mwanga wa madirishani tu, nao ulikuwa wa kijivu. Saa za ukutani zilikuwa zimesimama. Vipaza sauti vimenyamaza. Mamia ya watu walipita humo na ningeweza kuapa kwamba sikuona uso hata mmoja, vivuli tu na mizigo. Sauti zilipanda darini zikakaa huko, halafu zikashuka mahali pengine, kiasi kwamba mtu alicheka kushoto kwangu na kicheko nikakisikia kulia.

Lakini fimbo niliisikia vizuri. Ilikuwa nyuma yangu hatua kumi, labda kumi na mbili. Nilipopunguza mwendo, ikapunguza. Niliposimama kuhamisha ndoo mkono, ikasimama. Nilisikia nafuu ambayo sikuwa nayo tangu Mbeya. Nikashuka ngazi kidogo kidogo ili asijikwae, nikavuka geti, nikampa mkaguzi tiketi akaichana akanirudishia kipande, nikatoka nje kwenye upepo wa mvua. Mume wangu alikuwa pale, amekonda, amevaa shati nisilolijua. Hakunisalimia.

“Baba yuko wapi?”

“Huyo hapo nyuma yangu,” nikasema, na uso nikauinamisha.

Akatazama nyuma yangu. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, “Huyo ni nani?”

Nikageuka. Alikuwepo mzee kweli. Alikuwa na koti zito, viatu vyeusi na fimbo. Alinitazama moja kwa moja usoni, macho meupe meupe ya uzee, akatupita bila salamu na kuelekea barabarani. Hadi leo nikikumbuka uso ule nasisimka, kwa sababu kwa muda wa pumzi moja niliamini ndio uso niliokatazwa kuuona.

Kilichonijia baada ya hapo kilikuwa kibaya zaidi. Tangu lini? Fimbo hiyo imenifuata tangu mlango wa behewa, au tangu Mlimba, au tangu Mbeya? Ni nani aliyekula chakula changu? Ni nani aliyepapasa mlango? Niliambiwa nisigeuke na nisimpoteze, na nilikuwa nimegeuka baada ya kumpoteza.

Mume wangu alikimbilia getini akataka kuingia. Mkaguzi akamzuia, wenye tiketi tu, na dirisha la kuuza tiketi za kuingilia limefungwa kwa sababu ya umeme. Akamweleza habari ya baba yake. Mkaguzi akasema kila mtu pale ana baba. Mimi nilikuwa bado na kipande changu mkononi.

“Rudi ndani,” mume wangu akaniambia. “Mimi nazunguka upande wa barabara, kama ametokea huko magari yatamuua. Mwite kwa jina, wewe. Mwite tu.”

Alisema hivyo akakimbia, kama vile ni jambo la kuomba chumvi kwa jirani.

Ukumbi ulikuwa umeanza kuwa mtupu. Nilitembea nikiangalia nyuso za wazee wote waliobaki kwenye mabenchi, na kila uso niliuogopa mara mbili, usije ukawa ndio na usije usiwe ndio. Nilirudi hadi kwenye treni. Milango ilikuwa wazi, mabehewa yamenyamaza. Nikaingia kwenye behewa letu na kwa mara ya kwanza nikatazama ndani ya chumba chake. Hakuna mtu. Mbele ya mlango, pembeni kidogo ukutani, bakuli langu la asubuhi lilikuwa bado lipo, mfuniko juu. Nikaufunua. Halikuguswa. Ni kama mtu alilisukuma kwa mguu bila kujua ni nini.

Hapo ndipo nilipokisikia, kimoja kirefu na viwili vifupi.

Kilitoka mbali, mwisho wa jukwaa, kule ambako paa linaishia. Nikashuka nikakimbia, mkono mmoja tumboni. Mwanamke mfagiaji alikuwa anakwenda mbele na ndoo yake ya bati, mpini unalia kila hatua, na nyuma yake kama hatua ishirini mzee mmoja alikuwa akimfuata. Mfagiaji akafika mwisho, akakata kushoto, akaruka chini relini kama afanyavyo kila siku na kuvuka. Mzee naye akakata kushoto kuelekea ulikotoka mlio. Upande huohuo injini ilikuwa inarudi kinyumenyume na mabehewa, bila haraka, na kijana aliyening'inia kwenye behewa la mwisho alikuwa anampigia kelele, “Mzee! We mzee!” Lakini kila stesheni ina wazee wengi. Hakugeuka.

“Baba!” nikaita. Sauti yangu ikaenda darini ikarudi. Hakugeuka. Kwa nini ageuke? Mwanamke anamwita baba yake, si jambo lake. Nikaita kwa Kinyakyusa, “Tata!” Fimbo yake ilikuwa inagusa ukingo wa jukwaa, inateleza hewani, inarudi. Mguu wenye kiatu cheusi ukanyanyuka.

Nikalitaja jina lake.

Lote, la kwake na la ukoo, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Lilijaa stesheni nzima. Liligonga kuta na kurudi, na kila liliporudi nilihisi kama kuna mwingine ndani ya jengo analirudia kwa makusudi ili kila mtu ajue. Mtoto tumboni alicheza. Nikafikiri, basi, huyu naye amekwenda. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mguu ulirudi chini. Behewa lilipita mbele yake karibu sana, upepo wake ukapeperusha koti. Mzee akasimama wima, akageuka, lakini akageukia upande usio wangu, kule mwangwi ulikotokea, akaanza kutembea tena kuelekea ukingo wa pili.

“Simama, baba. Huku,” nikasema.

Akasimama. Uso wake ulikuwa wazi mbele yangu, na mimi niliutazama. Macho yalikuwa na ukungu mtupu, kama dirisha la asubuhi Isongole. Yalinipita juu ya bega. Miaka sita nilijificha migombani, nikachana kanga zangu kwenye miiba, nisionwe na mtu asiyeniona.

“Sema tena,” akasema.

Nikalitaja tena, safari hii polepole, kwa sauti ya chini ili kuta zisilichukue. Akapiga hatua. Nikalitaja. Akapiga nyingine. Nikawa nalitaja hivyohivyo, nikilia, mpaka ncha ya fimbo yake ikagusa kandambili yangu. Akanyoosha mkono, na mimi nikaushika. Ulikuwa mkono wa baridi, mwembamba kuliko nilivyofikiri.

“Kumbe ndiyo sauti yako,” akasema.

Nikafuta machozi kwa mkono ule mwingine.

“Ulinyamazisha vyombo,” akaendelea. Hakunilaumu, alinieleza tu. “Tangu nyumbani nafuata bakuli zako. Ulipoteremka sikuzisikia, nikasikia ndoo ya yule. Na jana kwenye lile giza nilitafuta choo, nikapapasa milango ya watu. Nadhani niliwaogopesha.”

Nikamuuliza kama nyumbani wanajua. Akasema hawajui, na wasijue kutoka kwangu. Siku hizi kila mtu anataka ardhi ya viazi, akasema, na mzee asiyeona mpaka wa shamba lake atawekewa karatasi mbele yake na kushikwa kidole. Daktari akisema, basi, daktari amesema. Na haya ya hapa jukwaani, akasema, niyanyamazie, hata kwa mwanawe. Halafu akauachia mkono wangu, akakohoa kama kawaida yake. Nikaelewa. Nikaitoa ile kanga kwenye ndoo, nikajitanda, nikampa mgongo, nikatangulia, na bakuli zikalia katika ukumbi wote mpaka getini. Mume wangu alipotuona alilia. Hakuuliza nilimpataje.

Miezi minne iliyofuata niliishi kama mtu anayengoja kuitwa na mahakama. Kila tumbo lilipokaza nilijua ndiyo adhabu. Baba mkwe alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho moja likapona na lingine likakataa, akarudi Kyimo na mwanawe. Mimi nilirudi baadaye kujifungua. Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume, analia kwa hasira. Siku ya nne mama mkwe akaja na ujumbe kwamba babu amempa mtoto jina lake mwenyewe.

“Mimi nitamwitaje?” nikauliza.

“Nami nimemuuliza hivyohivyo. Amesema mama yake atalitaja tu, si mara ya kwanza.” Akanikazia macho akingoja maelezo. Nikajifanya namweka mtoto kwenye ziwa.

Hakuna mwanamke pale Kyimo aliyewahi kusikia kitu kama hicho, na shangazi alihamia upande mwingine wa kanisa ili asikae nami. Lakini mtoto akikua lazima aitwe. Nyumba ya wazee ilikuwa ng'ambo ya migomba yetu, si mbali. Jioni ya kwanza niliyomwita kwa sauti, alipokuwa anatambaa ameniponyoka uani, alipiga kelele zake za kitoto, na mara baada yake, kutoka nyuma ya migomba, sauti ya mzee ikasema, “Naam.”

Baadaye nikaita tena, bila sababu. “Naam,” ikaja.

Ndivyo tulivyozungumza, mimi na baba mkwe wangu, kwa miaka tisa. Njiani niliendelea kuingia migombani na kuchuchumaa, na sasa nilijua jicho moja linaona, nikachuchumaa vizuri zaidi. Sura yangu hakuiona. Lakini kila jioni niliita jina, mtoto akaitika, na yeye akaitika, na kutokana na ile naam moja nilijua kama amekula, kama kifua kinambana, kama amekasirishwa na watoto wake.

Jioni tuliyomaliza matanga yake nilisimama mlangoni nikamwita mtoto aje ale. Aliitika upesi, akaja, akanawa mikono. Mimi nikabaki palepale nikisikiliza upande wa migomba.

“Mama, nimeshafika,” akasema.

Nikamwambia ajipakulie. Nikaita tena.